Askari Naye Aweza Kubuni Chombo cha Kuwafaa Wenye Shida

Panapotokea msiba katika nchi, watu wa kwanza kuitwa ni askari na polisi. Mto ukifurika na kuzoa daraja, nyumba ikiungua, basi likipinduka bondeni, wenye sare ndio wafikao mapema na ndio waondokao mwisho. Kwa sababu hiyo hapana watumishi wa umma waionao shida ya mwananchi kwa karibu kuliko sisi. Twamwona kiwete akitambaa kuvuka barabara penye magari mengi. Twamwona mama akijifungulia njiani kwa kuwa machela haikupatikana. Twamwona mwenzetu aliyerudi kutoka vitani bila mguu, ameketi nje ya nyumba yake tangu asubuhi hadi magharibi.

Hata hivyo, kuona si kusaidia. Baina ya jicho liionalo shida na mkono uiondoao, mara nyingi pana kitu cha tatu kinachohitajiwa, nacho ni chombo. Kikikosekana chombo, huruma hubaki huruma tu. Na wengi wetu tumezoea kudhani kwamba kubuni vyombo ni kazi ya mabingwa wa ng'ambo waliojifungia katika maabara, na kwamba sehemu yetu sisi ni kungoja meli iwalete.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo si ya kweli. Vyombo vingi vilivyookoa maisha ya watu vilibuniwa na watu wa kawaida, baadhi yao askari, waliofanya mambo matatu. Waliitazama shida moja kwa makini. Wakatumia vitu vilivyokuwa karibu nao. Kisha wakakubali kusahihishwa na yule mwenye shida. Kila moja la mambo hayo laweza kufanywa na askari wa cheo chochote.

Gari lililowakimbilia majeruhi

Na tuanzie uwanja wa vita. Mwaka 1792 daktari mpasuaji kijana wa Kifaransa, Dominique Jean Larrey, alipelekwa kulitumikia jeshi la nchi yake katika mapigano ya kandokando ya mto Rhine. Kanuni za siku zile ziliagiza kwamba magari ya majeruhi yakae nyuma ya jeshi, umbali wa zaidi ya kilometa nne. Aliyejeruhiwa alilala pale pale alipoanguka mpaka mapigano yakome, na wengi waligojea siku nzima au zaidi huku damu ikiwatoka. Walipofikiwa, baadhi yao walikuwa wamekwisha kufa kwa majeraha ambayo yangaliweza kutibiwa.

Larrey alitazama jinsi wapiga mizinga wepesi walivyokuwa wakiikimbiza mizinga yao kwa farasi kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine. Akajiuliza: ikiwa mzinga waweza kukimbizwa namna hii, mbona majeruhi asikimbizwe? Akabuni gari jepesi la magurudumu mawili la kukokotwa na farasi wawili, ndani yake mna mahali pa kumlaza majeruhi, na jingine kubwa zaidi la magurudumu manne kwa ajili ya nchi yenye milima. Pamoja na magari hayo aliweka madaktari na wasaidizi waliozoezwa kufuata jeshi hadi penye risasi. Aidha aliweka kanuni kwamba aliye mahututi ahudumiwe kwanza, bila kutazama cheo chake wala taifa lake.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Larrey hakuvumbua gurudumu, wala hakuvumbua farasi. Kila kitu alichokitumia kilikuwa tayari kambini. Alichokiongeza ni fikira moja tu: kwamba ufundi uliotumika kuua waweza kugeuzwa utumike kuokoa. Kila ambulensi inayopita leo na king'ora chake imetokana na fikira hiyo.

Sajini na fimbo ndefu

Msomaji aweza kusema kwamba Larrey alikuwa daktari, mtu wa elimu, na kwamba askari wa cheo cha chini hana nafasi kama ile. Basi na amtazame sajini Richard Hoover wa jeshi la Marekani. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia Hoover alikuwa mwalimu katika shule ya wasioona katika jimbo la Maryland. Alipoingia jeshini alipangiwa kazi katika hospitali ya kijeshi ya Valley Forge, jimboni Pennsylvania, ambako waliletwa askari waliopofushwa na vita.

Wakati ule kipofu alipewa fimbo fupi ya mti, mfano wa mkongojo wa mzee. Fimbo hiyo ilifaa kuegemea, lakini vijana wale hawakuhitaji kuegemea. Miguu yao ilikuwa mizima. Walichokihitaji ni kujua kilichokuwa mbele yao kabla hawajakikanyaga. Hoover akaling'amua hilo. Mnamo mwaka 1944 yeye na wenzake wakatengeneza fimbo ndefu na nyepesi, iliyofika karibu kifuani, wakabuni na namna ya kuitumia: mwenye fimbo huipeleka kushoto na kulia kwa mpango, ili ncha yake iguse ardhi mahali ambapo hatua inayofuata itakanyaga. Kabla ya kuwafundisha wengine, Hoover mwenyewe alijifunga kitambaa machoni akaijaribu.

Fimbo ile na mwendo ule ndio uliosambaa duniani. Kipofu anayeshuka ngazi peke yake leo, au anayekwenda sokoni bila ya mtoto wa kumshika mkono, ananufaika na kazi ya sajini mmoja aliyekubali kutembea gizani ili ajue giza lilivyo. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, Hoover alikilalia.

Fundi na daktari wa Jaipur

Mfano ulio karibu zaidi na hali yetu watoka India. Katika miaka ya 1960, hospitali ya Sawai Man Singh katika mji wa Jaipur ilikuwa na daktari wa mifupa aitwaye Pramod Karan Sethi. Sethi aliwapa wagonjwa wake miguu ya bandia iliyoundwa kwa mfano wa Ulaya na Marekani, kisha akashangaa kuona kwamba wengi wao waliitupa na kurudia magongo.

Kosa halikuwa la wagonjwa. Mguu ule ulikusudiwa mtu avaaye viatu, atembeaye kwenye njia iliyosakafiwa na kuketi kitini. Mkulima wa Rajasthan hutembea peku shambani, huingia katika matope, huchuchumaa, na hukunja miguu anapoketi chini kula au kusali. Mguu wa kigeni haukupinda inavyotakiwa kwa mambo hayo, na bila kiatu haukufaa. Kiatu nacho kikilowa maji kiliharibika. Kwa ufupi, kilikuwa chombo kizuri kwa mtu mwingine.

Katika hospitali ile ile alikuwako fundi mchongaji, Ram Chandra Sharma, mtu wa elimu ndogo ya darasani, aliyekuwa akiwafundisha wagonjwa kazi za mikono. Sharma aliwaona wagonjwa wakihangaika. Yasimuliwa kwamba siku moja tairi la baiskeli yake lilitoboka, akaipeleka kwa fundi wa matairi, akamkuta anavalisha tairi kuukuu la lori mpira mpya kwa kuuchoma motoni. Pale pale akapata wazo: ikiwa mpira huu wastahimili uzito wa lori na mawe ya barabara, kwa nini usistahimili uzito wa mtu?

Fundi na daktari wakashirikiana. Miguu ya kwanza haikufaulu, ikarekebishwa tena na tena, hata ukapatikana mguu wa bandia ambao ndani yake mna mpira laini na ubao, na nje umefunikwa kwa mpira mgumu wenye rangi ya ngozi ya mwenyeji. Mguu huo huweza kuvaliwa peku, kuingia majini, kuchuchumaa na hata kupanda mti. Watu wakauita Mguu wa Jaipur. Mwaka 1975 kikaundwa chama cha kuwagawia wasiojiweza miguu hiyo bila malipo, na mwaka 1981 Dakta Sethi akatunukiwa tuzo ya Ramon Magsaysay. Tangu siku hizo mamia ya maelfu ya watu wamesimama tena kwa miguu hiyo, miongoni mwao wahanga wa mabomu ya kutegwa ardhini katika nchi nyingi zilizopata vita.

Daktari peke yake asingeliweza, kwa kuwa hakuujua mpira. Fundi peke yake asingeliweza, kwa kuwa hakuujua mwili. Na wote wawili wasingeliweza iwapo wangaliwadharau wakulima waliokuwa wakiitupa miguu ya kigeni. Katika kambi zetu nyingi wamo mafundi wa magari, maseremala, washonaji na wahunzi wanaofanya kazi hatua chache tu kutoka zahanati. Yafaa tujiulize ni mara ngapi watu hao wamewahi kuketi meza moja.

Mwenye shida ndiye mwalimu

Katika historia ya maandishi ya vipofu twaona zaidi jinsi mwenye shida anavyoweza kumpita mtaalamu. Charles Barbier, Mfaransa aliyepata kuwa ofisa wa mizinga, alibuni maandishi ya nukta zilizotuna juu ya karatasi, ambazo mtu aweza kuzisoma kwa kupapasa. Mnamo mwaka 1821 maandishi yake yalifikishwa katika shule ya vijana wasioona mjini Paris.

Miongoni mwa wanafunzi wa shule ile alikuwamo mvulana wa miaka 12, Louis Braille, mtoto wa fundi wa matandiko ya farasi. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu alijichoma jicho kwa chombo chenye ncha kali katika karakana ya baba yake, na maradhi yaliyofuata yakayaua macho yote mawili. Braille aliyapapasa maandishi ya Barbier akayapenda, lakini mara akaziona kasoro zake. Kila alama iliweza kuwa na nukta hadi 12, nyingi mno kwa ncha moja ya kidole kuzitambua kwa mguso mmoja. Isitoshe, alama zile ziliwakilisha sauti, si herufi, hivyo msomaji hakuweza kujifunza tahajia sahihi.

Kijana akaanza kazi ya kuyarekebisha. Alipotimiza miaka 15 alikuwa amekwisha kupata mfumo wa nukta sita tu, unaotosha kidole kimoja na unaoweza kuandika herufi zote, tarakimu na hata muziki. Aliuchapisha mwaka 1829. Cha kusikitisha ni kwamba wakubwa hawakuukubali upesi. Shule yake yenyewe iliuidhinisha rasmi mwaka 1854, miaka miwili baada ya yeye kufariki. Leo vipofu katika pembe zote za dunia, na wa Afrika Mashariki wakiwamo, husoma kwa nukta zile sita.

Ofisa alitoa wazo, kipofu akalikamilisha. Hilo halimpunguzii ofisa heshima yake. Lakini latufundisha kwamba anayebuni chombo kwa ajili ya mwingine hana budi kumwachia huyo mwingine neno la mwisho. Tukitengeneza kiti cha magurudumu, tusiulizane sisi kwa sisi kama kinafaa. Tumketishe mwenyewe, tumpeleke penye mchanga na penye mlima, tumsikilize.

Chombo kilichodharauliwa

Kuna hatari nyingine, nayo ni ya chombo kuwapo na kutotumiwa. Katika mji wa Liverpool, Uingereza, aliishi daktari aitwaye Hugh Owen Thomas, aliyetoka katika ukoo wa waunga mifupa wa Wales. Alikuwa na karakana yake, na humo vyuma na ngozi za matibabu vilitengenezwa chini ya uangalizi wake. Alibuni banzi la mguu: pete ya chuma iliyozungushiwa ngozi, inayovaliwa juu ya paja, na fimbo mbili za chuma zinazoshuka kandokando ya mguu hadi kupita unyayo. Mguu uliovunjika huvutwa, ukanyooshwa na kufungwa humo, mifupa isipate kuchezacheza na kuikata nyama.

Thomas alifariki mwaka 1891, madaktari wengi wakiwa hawajakijali chombo chake. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka 1914, askari wa Uingereza waliovunjwa mfupa wa paja kwa risasi walikuwa wakibebwa na mguu uliofungwa ovyo, wakafa kwa damu na kwa mshtuko. Yakadiriwa kwamba katika mwanzo wa vita walikufa wapatao 80 katika kila 100. Ndipo Robert Jones, mpwa wa mkewe Thomas na mwanafunzi wake, akasisitiza kwamba banzi lile lipelekwe hadi mstari wa mbele. Wabeba machela wakazoezwa kulifunga kwa hatua za kuhesabu, kama gwaride, hata wakaweza kulifunga wakiwa wamefumbwa macho. Katika mapigano ya Arras ya mwaka 1917, hesabu ya waliokufa kwa jeraha hilo ilikuwa imeteremka chini ya 20 katika kila 100.

Vyuma viwili na pete moja, basi. Havikuhitaji kiwanda kipya. Vilihitaji mtu wa kusema vitumike, na kamanda wa kumsikiliza. Inafaa kila mwenye mamlaka aikumbuke miaka ile zaidi ya 20 kati ya kifo cha Thomas na siku ambayo banzi lake lilifika katika mahandaki, ajiulize ni wazo gani la manufaa lililolala leo katika kombania yake kwa kuwa aliyelitoa ana utepe mmoja tu begani, au hana kabisa.

Njia kuu na moshi

Ndugu zetu polisi nao wasidhani wameachwa nyuma. Katika mji wa Cleveland nchini Marekani aliishi fundi wa cherehani, Garrett Morgan, mtu mweusi aliyezaliwa mwaka 1877, mwana wa wazazi waliotoka utumwani, ambaye aliacha shule mapema. Morgan alitambua kwamba moshi wa moto hupanda juu, na kwamba hewa iliyo karibu na ardhi hubaki safi zaidi. Akashona kofia ya kufunika kichwa chote, yenye mirija mirefu inayoshuka hadi karibu na ardhi ili mzima moto aivute hewa ya chini. Alipata hati ya haki ya uvumbuzi huo mwaka 1914.

Mwezi Julai 1916 mlipuko ulitokea katika handaki la maji lililokuwa likichimbwa chini ya ziwa Erie. Waokoaji wa kwanza walioingia walizidiwa na gesi. Morgan aliitwa usiku. Yeye na ndugu yake wakavaa kofia zile, wakaingia, wakatoa watu wakiwa hai. Pamoja na hayo, baadhi ya wanunuzi waliacha kuagiza kofia zake walipojua kwamba mbuni wake ni mtu mweusi. Huo ni ujinga wenye gharama, na hautofautiani sana na ujinga wa kulikataa wazo kwa kuwa limetoka kwa konstebo. Chombo kipimwe kwa kazi yake, si kwa rangi wala cheo cha aliyekibuni.

Mwaka 1923 Morgan akapata hati nyingine, ya nguzo ya kuongozea magari. Nguzo nyingi za wakati ule zilikuwa na amri mbili tu, simama na nenda. Yeye aliongeza ya tatu, inayosimamisha magari ya pande zote kabla ya kubadilisha zamu, ili waenda kwa miguu wapate kuvuka na magari yaliyomo katikati yapate kutoka. Kila askari wa usalama barabarani aliyepata kusimama katika njia panda aijua thamani ya sekunde zile chache.

Panya wa Morogoro

Wako watakaosema kwamba hayo ni ya mbali, ya watu wenye fedha. Basi na tutazame jirani yetu Tanzania. Mbelgiji mmoja, Bart Weetjens, ambaye utotoni alikuwa akifuga panya, alifikiri kwamba pua ya mnyama huyo yaweza kunusa baruti iliyofukiwa ardhini. Shirika aliloliunda mwaka 1997, liitwalo APOPO, lilihamishia mafunzo yake Morogoro mwaka 2000, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, likisaidiwa na Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Humo panya buku wa Kiafrika, yule yule afukuzwaye na mkulima kwa rungu, hufundishwa kuikwaruza ardhi pale anaposikia harufu ya baruti, kisha huzawadiwa ndizi au karanga.

Panya huyo ni mwepesi, hawezi kulifyatua bomu kwa uzito wake. Eneo lenye ukubwa wa uwanja wa tenisi hulimaliza kwa nusu saa, ambapo mtu mwenye mashine ya kutambua vyuma aweza kuchukua hata siku nne, kwa kuwa mashine hulia kwa kila msumari na kila kopo. Panya wa Morogoro walishiriki kuisafisha Msumbiji, nchi iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa imeondolewa mabomu yote ya ardhini yaliyojulikana. Mmoja wao, aliyeitwa Magawa, aligundua mabomu na masalia ya silaha zaidi ya 100 nchini Kambodia, akapewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la kuhudumia wanyama mwaka 2020. Alikufa mwaka 2022.

Hapa Uganda, ambako kazi ya kuondoa mabomu ya ardhini ilitangazwa kukamilika Desemba 2012, hatuhitaji kuelezwa thamani ya kazi hiyo. Mabomu yameondoka, waliopoteza miguu wangali nasi. Wala vijana wetu hawakulala. Mwaka 2018 Brian Gitta, Mganda aliyechoshwa na kutolewa damu mara kwa mara kwa ajili ya kupimwa malaria, alitunukiwa tuzo ya Afrika ya uvumbuzi wa kihandisi kwa kifaa cha kuipima malaria kwa kumulika kidole, bila kutoa damu. Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyeanza.

Yatupasayo kufanya

Tusianze na makubwa. Kiko chombo ambacho kila kituo chaweza kukitengeneza kabla ya jua kuchwa, kiitwacho kibuyu chirizi, kilichoenezwa kutoka Zimbabwe katika miaka ya 1980. Chukua dumu la lita tano, toboa tundu dogo ubavuni karibu na mdomo, ulining'inize kwenye mti uliolazwa juu ya panda mbili. Funga kamba shingoni mwa dumu, uishushe hadi kwenye kijiti cha kukanyagia. Ukikanyaga, dumu huinama na maji hutiririka, ukiachia, hukoma. Sabuni itundikwe kando. Mkono uliotoka msalani haugusi kitu, na maji kidogo huosha watu wengi. Kunawa kwa sabuni hupunguza maradhi ya kuhara kwa karibu theluthi moja. Kikosi kiendacho kulinda kambi ya wakimbizi kikitengeneza vibuyu kumi vya namna hiyo, kitakuwa kimewalinda watoto dhidi ya adui asiyepigwa kwa risasi.

Kwa anayetaka kwenda mbele zaidi, mifano tuliyoieleza yatupa utaratibu. Kwanza, chagua shida moja ya mtu unayemjua, usiseme unataka kuwasaidia walemavu wote. Pili, mtazame akifanya kazi zake siku nzima kabla hujashika nyundo. Tatu, tumia vitu vinavyopatikana sokoni na katika karakana ya karibu, ili chombo kikiharibika fundi wa kijijini aweze kukitengeneza. Viti vingi vya magurudumu vya msaada hulala ghalani kwa kukosa gurudumu moja. Nne, mpe mwenyewe akijaribu, ukubali akikuambia hakifai. Tano, andika na kuchora ulichokifanya, ili mwingine asianze upya.

Tahadhari nayo ni ya lazima. Kinachoingia mwilini, kinachohusu dawa, na kinachogusa baruti, havijaribiwi bila mtaalamu na bila idhini. Kifaa cha tiba hupimwa miaka mingi kabla ya kuruhusiwa, na ndivyo ipasavyo. Nidhamu ya kijeshi haigombani na uvumbuzi. Huuzuia usigeuke maafa.

Wajibu wa mwisho ni wa makamanda na wakuu wa vituo. Askari hatatoa wazo mahali ambapo aliyetangulia kutoa wazo alichekwa. Na liwekwe daftari moja katika kila karakana na kila chumba cha zamu, ambamo yeyote, kuanzia kuruti hadi meja, aweza kuandika shida aliyoiona na chombo anachokifikiria. Na lisomwe mara moja kwa mwezi mbele ya fundi, mganga na ofisa mwenye uwezo wa kutoa mbao na vyuma chakavu. Jina la aliyeandika lisifutwe na mkubwa wake. Huenda kurasa nyingi zisizae kitu. Lakini ukurasa mmoja tu ukimsimamisha mtu mmoja aliyekuwa akitambaa, daftari hilo litakuwa limelipa gharama yake.